Uzi Mwekundu wa Mgeni

Hivi wewe, umewahi kukitaka kitu kwa miaka saba, ukawa unapita mbele ya mlango wake asubuhi na jioni, na usimwambie mtu hata mmoja? Kama hujawahi, kaa vizuri nikueleze habari za Bi Sawa. Na kama umewahi, kaa vizuri zaidi, maana huenda ukajikuta humu ndani.

Bi Sawa si jina alilopewa na wazazi wake. Ni jina alilopachikwa na watu wa nyumbani, kwa sababu ukimwuliza anataka chai ya maziwa au ya rangi, atakujibu, "Yoyote sawa." Ukimwuliza akae kiti cha mbele au cha nyuma, popote sawa. Siku aliyoletewa posa, shangazi yake alimwita chumbani akamwuliza kwa siri kama kweli anamtaka yule dereva wa lori. Akajibu sawa. Hapo bahati ilimpenda, kwa kuwa dereva alikuwa mtu mwema na mpaka leo wako pamoja. Lakini bahati haikuwa hivyo kila siku. Alipostaafu mwaka huu, wenzake kazini walimwuliza anataka zawadi gani ya kuagwa. "Chochote," akasema. Wakachanga, wakamnunulia saa ya ukutani. Nyumbani tayari zilikuwepo mbili. Sasa ziko tatu, hakuna hata moja inayokubaliana na mwenzake, na mumewe akiulizwa ni saa ngapi hujibu, "Unataka ya sebuleni, ya jikoni, au ya kustaafu?"

Kazi yake ilikuwa kupiga pasi katika chumba cha kufulia nguo cha hospitali. Alipiga pasi miaka thelathini na moja. Mashuka meupe, foronya nyeupe, makoti meupe ya madaktari, mataulo ambayo zamani yalikuwa meupe. Shuka la leo na shuka la mwaka juzi huwezi kuyatofautisha. Mchana kutwa ni mvuke, chuma cha moto, na weupe mbele ya macho, hata akifika nyumbani alikuwa akitazama ukuta uliopakwa rangi ya kijani kama mtu anayekunywa maji.

Sasa siku moja, miaka saba iliyopita, katikati ya lundo la mashuka kikatokea kitu chenye rangi. Alikivuta kwa ncha ya vidole. Kilikuwa mfarishi wa viraka, ule wa kujifunika, uliotengenezwa kwa vipande vidogo vya nguo vilivyounganishwa uso wa juu, katikati umetiwa pamba, na chini bitana, halafu tabaka zote tatu zikashonwa pamoja ili pamba isikimbie. Vipande vyake vilikuwa pembetatu, za kijani na za njano, zimepangwa kama ndege wanaofuatana. Bi Sawa aliutandaza mezani. Akautazama. Kisha akafanya kitu ambacho watu wengi hawafanyi: akaugeuza autazame mgongo.

Huko nyuma ndiko alikopotelea. Mishono ilikuwa midogo kama mbegu za ufuta, imesawazishwa, inapinda kwa pamoja kama mawimbi madogo ya maji ndani ya beseni. Nyuzi zote nyeupe. Isipokuwa kwenye kona moja ya chini, ambako kulikuwa na mstari mfupi wa uzi mwekundu, mishono kumi na mbili, aliihesabu. Hakuelewa ule wekundu unatafuta nini pale. Aliupiga pasi mfarishi ule polepole sana, kama vile ndani yake amelala mtoto, na msimamizi alipopita akamwuliza mbona leo pasi inatambaa, akasema chuma hakijashika moto. Msimamizi ndiye aliyemwambia kwamba mifarishi ile ya wodi ya watoto huletwa na wanawake wa Alhamisi, wale wanaokutana kwenye chumba kilicho nyuma ya fundi viatu.

Kuanzia siku hiyo Bi Sawa akabadilisha njia ya kwenda kazini. Ile mpya ilikuwa ndefu zaidi kwa robo saa, ina mtaro na mbwa mmoja mwenye tabia mbaya, lakini ilipita nyuma ya fundi viatu. Siku za Alhamisi alisikia vicheko vikitoka dirishani. Alikuwa akipunguza mwendo, akijifanya anafunga kamba za viatu. Viatu vyake vilikuwa havina kamba.

Na si hivyo tu. Kwenye kopo la maziwa ya unga, chini ya vifungo, alificha kipande cha foronya chakavu, na humo alikuwa akijifundisha ile mishono ya ufuta. Mumewe akiingia ghafla, foronya inazama koponi, linavutwa shati, kinashonwa kifungo. Yule mzee wa watu aliishi miaka saba akishangaa kwa nini vifungo vyake havikai. Bi Sawa akimaliza mstari aliutazama, akaufumua, akaanza upya, mpaka foronya ikawa na matundu kama chekeche.

Utaniuliza, kwa nini asibishe hodi? Mlango si ulikuwa pale pale? Mimi nakwambia, kuna watu mdomo wao haujui njia ya kupita neno "nataka". Unajua njia ya "asante", unajua njia ya "pole", unajua kabisa njia ya "sawa". Hiyo nyingine imeota nyasi.

Basi Jumanne moja akaja wifi yake. Huyu alikuwa dada mkubwa wa mumewe, mjane, mnene wa kupendeza, na ndugu wote walimwita Redio, kwa sababu akishawashwa hazimiki mpaka betri ziishe. Mabinti zake wote walikuwa wameolewa mbali, na nyumba yake ilikuwa kimya mno kwa mtu wa kipaji chake. Hata hajakaa vizuri kitini, akaanza kutoa habari. Kwamba lile kundi la wanawake wa viraka lina viti vinane tu. Kwamba mmoja wao amehamia kwa mwanawe mji mwingine, na kiti chake kiko wazi. Kwamba yeye Redio ameshaongea na mkuu wao sokoni, na Alhamisi anakwenda kujionyesha.

"Nimeamua kiti kile nitakikalia mimi," alisema. "Nawe wifi utanisindikiza. Pale mlangoni kuna ngazi, na haya macho yangu siku hizi ngazi tatu nahesabu mbili. Tena mkoba utakuwa mzito. Au una neno?"

Bi Sawa alihisi kama mtu aliyemimina chai ya moto mpaka kikombe kikafurika vidoleni. "Sawa," akasema. Akainuka akaenda jikoni eti kuongeza maji, akasimama ameshika ukingo wa karo, akawa anacheka peke yake na huku machozi yanamlenga. Atauona mfarishi ukishonwa. Ataingia ndani ya kile chumba. Hata kama ni kwa kazi ya kubeba mkoba, ataingia.

Alhamisi ilipofika, alipiga pasi sketi yake ya bluu mara tatu. Ilikuwa sketi pana, ya marinda, na marinda yakipigwa pasi na mtu aliyeifanya kazi hiyo miaka thelathini na moja unaweza kujikata nayo. Alizitazama saa zote tatu, akaamua kuamini ile iliyokuwa mbele zaidi, akamfikia wifi yake wakati mwenyewe bado anatafuta kiatu cha pili. Njiani Redio alisimama kumsalimu kila aliyesimama na nusu ya waliokuwa wamekaa. Bi Sawa alikuwa akijikuta ameshatangulia hatua ishirini, mkoba begani, ikabidi arudi.

"We wifi," Redio akamwambia huku anahema, "tunakwenda kushona au tunakwenda kuzima moto?"

Walipita dukani kwa fundi viatu, ambako kulinuka gundi na ngozi, wakapanda zile ngazi tatu, mlango ukafunguliwa, na harufu ikabadilika. Ilikuwa harufu ya nguo mpya, chaki, na mafuta ya cherehani. Bi Sawa alisimama kizingitini. Ukuta mzima wa kushoto ulikuwa rafu, na rafuni vitambaa vimekunjwa na kupangwa kwa rangi, kuanzia nyeupe ya maziwa, njano, machungwa, nyekundu, zambarau, mpaka bluu iliyokaribia kuwa nyeusi. Mtu aliyekula wali mkavu miaka thelathini na moja ukimfungulia chungu cha mchuzi, atasimama vile vile alivyosimama.

Katikati ya chumba kulikuwa na fremu. Magogo mawili membamba ya mbao, marefu kuliko kitanda, yamelazwa juu ya miguu ya mbao, na mfarishi umetandazwa kati yake ukakazwa kama ngozi ya ngoma. Viti vinne upande huu, vinne upande ule. Wanawake saba. Ukutani kulikuwa na benchi, na juu yake alikaa bibi mmoja mzee sana asiyeshona chochote, anatafuna karanga na kuwaeleza wenzake mambo ya mtaani.

Mkuu wao alikuwa mkunga mstaafu, na wote walimwita hivyo hivyo, Mkunga. Alikuwa na mikono mikubwa na sauti ya chini. Bi Sawa alimwamkia, Mkunga akaitikia, akawapa wote wawili viti vya kupumzikia kwanza, kisha akawaeleza sheria zao, maana alisema hapendi mtu aingie kwenye jambo hajui linatokea wapi.

Sheria zilikuwa hivi. Wenyeji hushona kwa uzi mweupe. Mgeni hupewa uzi mwekundu, ili kazi yake ionekane. Saa kumi na moja fremu inakunjwa, na kabla ya kukunjwa mgeni anaulizwa. Akisema anakitaka kiti, mishono yake inabaki mle kwenye mfarishi siku zote, na yeye anabaki. Asiposema, mishono inafumuliwa, wanamshukuru, anakwenda zake kwa amani. Wakiwa wageni wawili na wote wanakitaka, basi inatazamwa mishono, iliyo bora ndiyo yenye kiti. Lakini lazima mtu aseme mwenyewe. Miaka ya nyuma walikuwa wakiwaalika watu, wakiwabembeleza, wengine wakiletwa na dada zao na wakwe zao, na wengi walikuwa wanaona haya kukataa. Wakakaa miezi miwili, wakaacha kazi katikati.

"Kwa hiyo hapa hatumsukumi mtu wala hatumsemei mtu," Mkunga alimaliza. "Benchi ni la wote, halijai. Kiti ni cha aliyekitamka."

Uzi mwekundu. Miaka saba Bi Sawa alikuwa akijiuliza ule wekundu ulitafuta nini, kumbe jibu ni hilo. Alikwenda akakaa benchini kando ya yule bibi wa karanga, mkoba mapajani, na macho yake yakabaki kwenye fremu.

Redio akakalia kiti. Aliyemtilia uzi sindanoni alikuwa fundi wa sare za shule, mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyoning'inia kwenye kamba, ambaye wenzake walimwita Fundi. Alimwonyesha Redio namna yake: mkono wa kulia juu, kidole kimevaa subana, kile kikofia cha bati cha kusukumia sindano, mkono wa kushoto chini ya nguo, hauonekani, unaisikilizia ncha ikitokeza, unairudisha juu. Redio akaitikia kila neno. Kisha akashona mshono mmoja, akasimulia habari za mkwe wake. Akashona wa pili, akasimulia habari za mama yake mkwe wake. Haki yake tumpe, alisimulia vizuri, chumba kizima kilikuwa kinashika mbavu, na yule bibi wa benchini alisahau kutafuna. Lakini ilipotimia saa tisa na nusu alikuwa na mishono minne, mirefu, imekaa upande upande kama meno ya mamba, na vidole viwili vimetoboka.

Hapo simu yake ikalia. Alikuwa binti yake wa kwanza, na ndani ya chumba sauti ilikuwa inakatika. Redio akainuka.

"Wifi, njoo unishikie kiti," akasema akielekea mlangoni. "Nakuja sasa hivi."

Wewe unajua, na mimi najua, na Bi Sawa alijua kwamba sasa hivi ya Redio na binti yake ni muda wa kuivisha maharagwe. Alikaa kwenye kiti kwa nusu ya makalio, mikono mapajani. Fundi akamtazama juu ya miwani, akamwambia kwamba kwao kiti hakishikwi, kinashonewa. Akachomoa pini moja kwenye mfarishi mbele yake, akamtilia uzi mwekundu sindanoni, akampa.

Sasa nisikilize. Foronya ni nguo moja. Mfarishi ni tabaka tatu, na pale katikati pamba inabisha kidogo, halafu inakubali. Sindano ya kwanza iliposhuka na kumgusa kidole cha chini, Bi Sawa alisisimka mpaka shingoni. Akaisukuma irudi juu. Akavuta uzi, nguo ikabonyea kidogo pale, ikawa na kishimo na kilima, ikapata uhai. Akashusha tena. Akasahau nusu ya makalio, akajaa kitini. Akasogea mbele. Tatu, nne, tano. Mkono wake wa kushoto ulijua kitambaa tangu zamani, ulijua kukinyoosha bila kukitazama, ulijua wapi kimekaza na wapi kimelegea. Alikuwa akitabasamu na hana habari kwamba anatabasamu. Kumi, kumi na moja. Wanawake wa upande wa pili wakaanza kugusana viwiko.

Mkunga akamwuliza amefundishwa na nani. Bi Sawa, macho kwenye sindano, akajibu kwamba hakufundishwa na mtu, kafundishwa na foronya. Wakacheka, wakidhani ni utani. Na kwa kuwa mikono yake ilikuwa na furaha, mdomo nao ukajisahau kidogo, akawauliza kama miaka ya nyuma waliwahi kushona mmoja wa pembetatu za kijani na njano, wenye mishono kumi na mbili myekundu kwenye kona ya chini.

Fundi aliacha kushona. "Umeuona wapi?"

"Niliupiga pasi."

"Ile kona ni yangu," Fundi alisema polepole. "Nilikuja kuwaletea mikasi niliyokuwa nimeinoa. Wakaniambia kaa unywe chai. Na kumi na mbili ndiyo hiyo hiyo, hujakosea hata mmoja."

Wakatazamana, na Bi Sawa akainamia kazi yake haraka. Kuanzia hapo alishona kama anayekimbizwa, lakini mishono haikukimbia, ilikaa kimya kwenye mstari mmoja baada ya mwenzake. Chai ililetwa ikapoa. Hakuna aliyemsumbua.

Saa kumi na moja kasorobo Redio akarudi, anafuta macho kwa kicheko, ana habari za kuwatosha wote mpaka Alhamisi ijayo. "Haya wifi, asante," akasema. "Ondoka, nimalizie kazi yangu."

Bi Sawa akashtuka kama aliyeamshwa. "Sawa," akasema, akainuka.

Fremu nayo ikainuka. Upande wote wa huku ulipanda naye, gogo likaacha miguu yake, mkasi ukateleza, chaki zikaviringika, kopo la pini likaanguka likamwaga pini chumba kizima. Wanawake watatu wakadaka mbao. Bi Sawa akaketi, fremu ikaketi. Akajaribu tena, taratibu, kwa adabu, fremu ikapanda tena kwa adabu. Fundi akapiga magoti akaingia chini, na kutoka huko kwenye giza ikasikika sauti yake ikitetemeka kwa kicheko: kwamba rinda la sketi ya mama huyu limeshonwa pamoja na bitana, lote, kuanzia mshono wa tatu hadi wa mwisho, na limeshonwa vizuri sana.

Basi ndiyo hiyo. Mkono wa kushoto, uliozoea kukusanya na kunyoosha chochote kilichoko chini yake, ulikusanya na sketi. Chumba kilivunjika mbavu. Mwanamke mmoja ilibidi atoke nje. Bibi wa karanga alipaliwa, akapigwa mgongoni. Bi Sawa mwenyewe aliona haya mpaka masikio yakawaka, kisha naye akaanza kucheka, na kicheko chake hakikuzoea kutoka, kilitoka kwa vipande.

"Nilikuomba unishikie kiti," Redio alisema akiwa ameshika ukuta. "Sikukuomba ushonwe nacho."

Pini zikaokotwa. Mkunga akafuta macho yake kwa kitambaa, akaitazama saa, na chumba kikajua kwamba wakati umefika. Alisema wataikunja fremu, lakini kwanza sheria. Akamgeukia Redio, akamwuliza kama anasema lolote kuhusu kiti.

Redio akajiweka sawa. Akasema ndiyo, anakitaka, ameshasema tangu sokoni, na hapa leo amejisikia nyumbani kuliko nyumbani kwake. Hilo la mwisho alilisema bila mzaha, na Mkunga akainamisha kichwa kumheshimu. Kisha akamtazama Bi Sawa.

"Na wewe, mama?"

"Huyu msimsumbue," Redio akadakia. "Huyu wifi yangu hana makuu, kwake yote sawa. Nimemleta anishikie mkoba. Si ndiyo, wifi?"

"Sijakuuliza wewe, dada," Mkunga alisema kwa upole.

Bi Sawa alitazama mishono yake. Ilikuwa ishirini na tatu. Ilikuwa midogo kama mbegu za ufuta, myekundu, juu ya kiraka cha njano, na kando yake ile minne ya wifi yake imelala kama watu waliochoka. Kila mtu mle ndani alikuwa na macho. Kila mtu alijua kwamba mishono ikitazamwa, hakuna cha kubishania. Lakini haitatazamwa mpaka atamke. Na Redio ni dada mkubwa wa mumewe. Na Redio ndiye aliyemleta. Na Redio anarudi kwenye nyumba iliyo kimya. Aliukumbuka uso wa msimamizi siku ya kuagwa, na wenzake walioshika saa ya ukutani iliyofungwa karatasi ya kung'aa, wakisubiri afurahi.

Akafungua mdomo. "Mimi..." akasema. "Mimi ni..." na ile njia ya zamani, iliyo wazi, iliyofagiliwa kila siku, ikamvuta. "Yoyote sawa."

Mkunga alisubiri kidogo zaidi. Alikuwa amesubiri wengi katika maisha yake, na hakuwahi kumharakisha yeyote. Kisha akavuta pumzi, akamwambia Fundi basi, aifumue hii ya mgeni wa pili, naye apate sketi yake.

Fundi hakupenda. Alichukua wembe mdogo mezani, akaushika muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Akainama. Akaingiza ncha chini ya mshono wa mwisho, wa ishirini na tatu, ule ambao Bi Sawa alimaliza nao wakati wifi anarudi. Uzi ukakatika.

Sauti ya kukatika ilikuwa ndogo, kama ya ulimi unaobanduka kwenye meno. Lakini Bi Sawa aliisikia kwenye mifupa. Kuna siku ngapi amefumua mwenyewe? Miaka saba amefumua, kila usiku mstari wake, na haikumuuma, kwa sababu ilikuwa foronya. Huu ni mfarishi. Huu kuna mtoto atajifunika, atageuza kona, atahesabu.

Wembe ukaelekea kwenye mshono wa ishirini na mbili. Bi Sawa akaweka kiganja chake juu ya ile mishono yote, kiganja kikubwa cha mpiga pasi, kikaifunika kabisa. Fundi akasimamisha mkono.

"Usifumue," Bi Sawa alisema.

Redio akageuka akamtazama. Bi Sawa naye akamtazama, macho kwa macho, na sauti yake ilipotoka ilikuwa nyembamba, ngeni, lakini ilitoka yote.

"Nisamehe, wifi. Kiti nakitaka mimi. Nakitaka miaka saba sasa, nakitaka kweli, na nikisema sawa leo nitakuwa nimesema uongo. Nakitaka."